Geti la Ndani Kwanza

Saa moja asubuhi, Ijumaa, na jua la Doha tayari linachoma. Reuben Mwakio anashuka kwenye gari jeupe nje ya ukuta uliochakaa, mbali na mji, mahali ambapo lami inakwisha na barabara ya vumbi ya kuelekea mashambani inaanza. Nyuma ya ukuta mbwa wanabweka wote kwa pamoja. Haingii. Anasimama mbele ya geti la chuma akilitazama kama mtu aliyeitwa ofisini asijue ameitiwa nini.

"Ingia basi, mdogo wangu," anasema Omari, dereva aliyemleta, bila kuzima gari. "Hilo geti halikuli."

"Lilishakula mmoja, kaka Omari."

Omari anashusha macho kwenye usukani, kisha anaaga na kuondoka, na vumbi la gari linamfunika Reuben mpaka magotini.

Hiki ni kituo cha kuhifadhi mbwa na paka waliotelekezwa na wenyewe. Reuben, mlinzi wa miaka thelathini na minne kutoka Wundanyi, kwenye milima ya Taita nchini Kenya, alianza kujitolea hapa mwezi wa nne mwaka huu wa 2014. Alikuja Ijumaa tatu tu. Hiyo ya tatu alifungua geti hili wakati ambao hakupaswa kulifungua, mbwa mmoja akatoka, na mbwa huyo hakurudi. Tangu siku hiyo Reuben hajakanyaga hapa. Leo ameitwa.

Aliyemwita ni Edith Nansubuga, Mganda wa Masaka, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu ambaye ndiye mwajiriwa pekee wa kituo. Wengine wote ni watu wa kujitolea. Kwenye simu hakusema mengi. Alisema: "Ijumaa uje. Usichelewe."

"Nimekuja kuambiwa nisirudi tena," ananiambia Reuben, tukiwa bado nje, mimi na daftari langu. "Ni afadhali mtu aambiwe uso kwa uso. Kwa kazi yangu ukikosea kiasi kile hawakuiti hata kukufukuza. Unakuta tu jina lako halipo kwenye zamu."

Anabisha. Anabisha polepole sana kwa mtu anayetaka kufunguliwa.

Ukimwuliza mlinzi wa Doha imekuwaje akajikuta akiosha mabanda ya mbwa bila malipo siku yake pekee ya kupumzika, atakuanzia mbali. Reuben anaanzia mlangoni mwa duka.

Alifika Qatar mwaka 2008. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama kwenye mlango wa duka moja kubwa, mlango wa vioo unaotoa baridi kila ukifunguka. Ijumaa duka hilo lilikuwa la familia. Mwanaume aliyekuja peke yake, au na wanaume wenzake, alirudishwa. Aliyewarudisha ni Reuben. Walikuja mafundi ujenzi wa Kinepali na mashati yao yaliyopigwa pasi, walikuja Wakenya wenzake waliotaka kupoa tu nusu saa, na wote aliwaambia neno moja, akianza na Kiarabu cha rafiki: sadiki, leo ni familia.

"Mmoja alikuwa Mkisii," anakumbuka. "Akaniuliza kwa Kiswahili, na wewe je, familia yako iko wapi? Nilimfungia."

Mshahara wake ni riyali elfu moja na mia tatu kwa mwezi, na sehemu kubwa huenda Wundanyi kwa mkewe Jennifer na watoto. Analala Al Mansoura, chumba kimoja watu wanane, vitanda vya ghorofa. Kwa miaka mitano Ijumaa yake ilikuwa kufua, kupiga simu nyumbani, na kulala.

"Ofu ikifika niende wapi? Mlango wenyewe naujua, nimeufunga kwa mikono yangu," anasema. "Kwa hiyo unalala. Na ukilala mchana kutwa unaamka jioni na huzuni ambayo hujui umeitoa wapi."

Baadaye kampuni ikamhamishia West Bay, kwenye mtaa wa nyumba za kifahari uliozungushiwa ukuta. Huko kazi yake ni kizuizi cha barabarani: kukinyanyua gari likija, kukishusha likipita. Mtu akiisikia ataona ni kazi ya mchezo. Lakini ina sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyoleta msiba katika habari hii.

"Msimamizi alituambia siku ya kwanza," anaeleza Reuben. "Mwenye gari asikuone unafungua. Akukute umeshafungua. Honi ikilia mara mbili, hiyo ni malalamiko tayari. Unakatwa mshahara. Kwa hiyo ukisikia honi moja tu, unaruka. Unafungua, unasimama wima, unapiga saluti. Hufikirii. Ukifikiria umechelewa."

Mwezi wa kwanza mwaka huu familia moja ya wageni ilihama kutoka nyumba iliyo karibu na kibanda chake. Walisema rafiki yao angekuja kumchukua mbwa. Rafiki hakuja. Mbwa alibaki uani amefungwa kwenye bomba, chini ya kivuli cha mashine ya kiyoyozi, na kila asubuhi Reuben alimpitishia wali kwenye nondo za uzio.

Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limelala. Reuben hakujua wenyewe walimwitaje. Alimwita Mudir, neno ambalo wafanyakazi wa Ghuba humwita kila bosi na kila anayefanana na bosi, kwa sababu mbwa huyo alikuwa na tabia ya kujinyoosha kivulini akimtazama mwenzake anavyofanya kazi juani.

"Kwetu mbwa ni mbwa," anasema. "Anaitwa mbwa. Anafungwa mchana, anafunguliwa usiku, akibweka unashukuru, akinyamaza unamtupia kiatu. Mimi mwenyewe nimerusha mawe mengi. Sikujua kama naweza kuzungumza na mbwa. Nilianza kwa kumtania, nikajikuta namweleza habari za nyumbani."

Msimamizi alipomwona mbwa yule akaagiza aondolewe wiki hiyo hiyo, akaongeza kuwa namna ya kumwondoa haimhusu. Reuben akamweleza Omari Shekiondo, Mtanzania wa Pangani anayeendesha gari la familia moja ya hapo hapo West Bay. Walikuwa wamezoeana kwa salamu za Kiswahili pale kwenye kizuizi. Omari alikijua kituo hiki. Shamba la tajiri wake liko barabara hii, na kila Ijumaa asubuhi hupeleka vitu huko.

Edith akaja na gari la kituo, akamchukua Mudir, na kabla hajafunga mlango akamtazama Reuben kwa jicho la kumpima. "Wewe unamlilia," alimwambia. "Uje umwone. Ijumaa hatuna mikono."

Ndivyo alivyoanza kujitolea. Omari akawa anampa lifti, kwa masharti. Kwenye kiti cha abiria alitandika nailoni kubwa ya kufunikia magodoro, na Reuben akawa anakaa juu yake, ikilia kila akijigeuza.

"Gari si langu, na dini ni dini," Omari ananieleza baadaye kwa simu. "Sisi mbwa akikulamba unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nikamwambia, mdogo wangu, nakupenda, lakini hayo manyoya yako nikae nayo mimi na tajiri wangu? Haiwezekani."

Siku ya kwanza kituoni Reuben alipewa fagio, ndoo na mpira wa maji. Aliosha mabanda, akasugua mabakuli, akabeba magunia ya chakula. Hayo yote aliyaweza. Yaliyomshinda ni mengine. Alipewa kamba amtembeze mbwa, akaishika kwa mikono miwili, miguu imetanuka, kama anayepeleka ng'ombe mnadani. Aliona mama wa Kizungu akimbusu mbwa mdomoni, akageuza uso upande wa pili kwa haya.

Lakini Mudir aliposikia sauti yake kutoka banda la mwisho alilia. Hakubweka, alilia. Reuben anasema hajawahi kupokelewa namna ile na kiumbe yeyote tangu atue uwanja wa ndege wa Doha.

"Wiki yangu ikawa na mbele," anasema. "Zamani Jumatatu ilikuwa sawa na Alhamisi. Sasa nikawa nahesabu."

Siku hiyo hiyo ya kwanza Edith alimsimamisha kati ya mageti mawili. Kituo kina geti la nje linaloelekea barabarani na geti la ndani linaloelekea uani kwa mbwa, na katikati kuna ujia mfupi. Kila mgeni husimamishwa hapo na kuambiwa jambo moja.

"Geti la ndani kwanza," alimwambia. "Limefungwa? Umelivuta ukaona limeshika? Ndiyo uguse la nje. Hata aje nani. Hata akipiga kelele. Uani mbwa hawana kamba."

Reuben aliitikia. Mambo ya mageti alikuwa anayajua kuliko watu wote waliokuwepo pale. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Ijumaa ya pili alipewa habari njema. Familia moja ya Uholanzi ilikuwa imeona picha ya Mudir na ikamtaka. Angesafiri kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu joto likishazidi mashirika ya ndege hukataa kubeba wanyama. Edith akamwonyesha pasipoti ya mbwa, kijitabu cha bluu chenye picha yake, lile sikio limelala.

Njiani kurudi mjini Reuben alikuwa anacheka peke yake juu ya nailoni.

"Kaka Omari, mbwa ana pasipoti."

"Kila mtu ana pasipoti."

"Yake iko mezani, anaweza kuishika. Yangu iko kwenye kabati la kampuni."

"Basi mwambie akusalimie huko Ulaya," akajibu Omari.

Kisha ikaja Ijumaa ya tatu.

Reuben alikuwa amemrudisha Mudir kutoka matembezini. Walikuwa wamepita ujiani, amefungua geti la ndani, amemwingiza uani, amemvua kamba. Alikuwa bado ameshika kamba hiyo mkononi, amegeuka alifunge geti la ndani, wakati honi ilipolia nje. Mara mbili, fupi fupi.

Hapa Reuben anakuna kiganja chake.

"Miguu ilienda. Mimi sikuwepo. Nilikuja kujiona nimeshafungua geti la nje lote, nimesimama wima, mkono uko hapa." Ananyanyua mkono mpaka kwenye paji la uso, kisha anaushusha haraka. "Nilikuwa nimepiga saluti."

Aliyepiga honi hakuwa bosi wa mtu. Alikuwa kijana wa Kibangladeshi aliyeleta magunia ya chakula cha mbwa kwa pikapu. Naye alishangaa kupigiwa saluti, akairudisha.

Mudir alikuwa amemfuata Reuben. Kila mahali alimfuata, na geti la ndani lilikuwa wazi. Alikuja akakaa pembeni ya mguu wake, pale pale, kana kwamba naye alikuwa kwenye zamu. Pikapu ilipoingia kwa kishindo akashtuka, akachomoka kupitia nafasi iliyobaki kati ya gari na nguzo. Edith alipiga ukelele kutoka mabandani. Reuben anasema alipogeuka aliona vumbi na kitu cha rangi ya vumbi ndani yake, basi.

Walimtafuta. Watu wote waliokuwepo walitoka, wakaita upande huu na upande ule. Reuben alikimbia kwa viatu vya mpira vya kuoshea mabanda mpaka visigino vikachubuka. Baada ya swala ya Ijumaa Omari akaja, na alipoelezwa hakuuliza swali hata moja. Walizunguka na gari mashambani, madirisha yameshushwa, Reuben akiita "Mudir, Mudir", na wafanyakazi wa mashamba wakiinua vichwa kutazama ni bosi gani anayeitwa kwa sauti ya kilio namna ile.

Jua lilipotua Reuben alilazimika kurudi kwa ajili ya zamu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu alisimama kwenye kizuizi chake West Bay akinyanyua na kushusha. Joto lilipanda kila siku. Alikuwa akiangalia juu na kujiuliza kama huko aliko Mudir kuna kivuli.

Jumatano alasiri simu ikaita ndani ya kibanda. Ilikuwa Omari, akiwa ametumwa shambani.

"Nimemwona," alisema Omari.

"Mzima?"

"Ana mkanda wa bluu shingoni. Sikio moja limelala. Yuko pembezoni mwa barabara, hapa yanapopita malori."

Reuben anasema alikaa, na kukaa kazini hakuruhusiwi. Alitaka kwenda, lakini mlinzi haachi kibanda, na hata angekiacha asingefika. Akasema neno moja lililomjia. "Usimwache hapo, kaka."

"Simwachi," alisema Omari.

Wakati huo huo honi ikalia nje ya kibanda. Reuben akatoka, akanyanyua kizuizi, akasimama wima, akapiga saluti. Ndani ya gari mtoto wa kike alimpungia mkono. Akampungia. Hakuna aliyemwangalia vizuri kiasi cha kuona kwamba mlinzi analia.

Omari Shekiondo, aliyetimiza miaka hamsini na mbili bila kumgusa mbwa, alichukua sepetu ya shambani. Akaivuta ile nailoni kutoka kwenye kiti, akamviringisha Mudir ndani yake, akamchukua kwa mikono miwili mpaka nyuma ya mistari ya mitende, akachimba.

"Ardhi ya huku ngumu, na jua lile," anasema. "Nikamaliza nikanawa mara saba, moja kwa udongo. Udongo haukosekani pale. Nikachelewa kurudi, nikasemwa. Nikasema gari lilipata pancha. Unajua mimi sina mapenzi na mbwa. Lakini yule kijana alikuwa anaomba kama anayemwombea ndugu. Ungefanyaje?"

Reuben alimweleza Jennifer jioni ile. Mkewe alisikiliza, kisha akauliza: mbwa tu? Hakuuliza kwa ubaya. Nyumbani kulikuwa na mtoto anakohoa na paa linavuja, na mumewe alikuwa analia kwenye simu ya kimataifa kwa sababu ya mbwa.

"Sikumkasirikia," anasema Reuben. "Hata mimi mwaka jana ningeuliza hivyo hivyo."

Ijumaa iliyofuata hakwenda kituoni. Wala iliyofuata. Alirudia kufua, kupiga simu na kulala. Kazini alibadilisha kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitambua: hamwiti tena mtu yeyote mudir. Wakaaji wa West Bay sasa anawaita bwana, au hawaiti kabisa. Neno lenyewe, anasema, linamkwama.

Leo Edith ndiye anayemfungulia. Anafungua geti la nje kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ndoo, na kabla ya salamu anatupa jicho nyuma yake kuhakikisha la ndani limefungwa. Wanasimama ujiani, wawili hao, mahali pale pale.

"Umekonda," anasema Edith.

"Ni joto."

"Mm. Joto." Anaweka ndoo chini. "Ile familia ya Holland imechukua mbwa mwingine. Tulikuwa tumeshalipia nafasi ya ndege, na ndege haingoji. Akaenda yule mweusi wa banda la pili."

Reuben anaitikia kwa kichwa. Inaonekana hilo hakuwa amelifikiria, kwamba mwingine alikaa kwenye nafasi ile.

"Dada Edith, mimi nimekuja kusema pole. Halafu nitaondoka, usipate taabu ya kuniambia."

"Nani amekuambia uondoke?"

Reuben anaitazama ile ndoo.

"Mimi nililia siku mbili," anasema Edith. "Sikukulilia wewe. Wewe nilikukasirikia. Banange, jamani, nilikukasirikia sana, nikakutukana Kiganda kizima. Sasa sikiliza. Sijakuita nikusamehe, hiyo kazi si yangu. Nimekuita kwa sababu sina mtu wa geti. Hawa wote ni wazuri, lakini wanasahau. Wiki iliyopita binti mmoja ameacha la ndani wazi akiwa anapiga picha. Wewe utasahau?"

Reuben anamtazama.

"Siwezi."

"Basi." Edith anavua ufunguo wa kufuli kutoka kwenye kamba iliyo shingoni mwake na kumpa. "Kila Ijumaa. Geti ni lako. Mabanda nitatafuta mwingine."

Anaokota ndoo, anaingia ndani. Hakuna kukumbatiana wala hotuba. Reuben anabaki ujiani na ufunguo, na kwa muda mrefu hafanyi kitu ila kuugeuza geuza kiganjani.

Mtu angetarajia afurahi. Anapoulizwa, anatikisa kichwa.

"Ningepewa mabanda ningefurahi. Au anifukuze, ningelala. Lakini geti?" Anaketi juu ya gunia, anasimama tena. "Hii ndiyo kazi ninayoifanya wiki nzima. Mwili wangu hauijui kwa namna nyingine. Honi ikilia miguu inaenda. Nimejaribu kuizuia kule kazini, haizuiliki. Na kule nikiizuia nakatwa."

Kwa hiyo anaogopa, na anasema anaogopa. Siku sita mwili wake unalipwa kwa kuruka, na siku ya saba ataudai usiruke. Hajui kama mtu mmoja anaweza kuwa na miguu ya namna mbili.

Asubuhi inasonga. Anamfungulia mama anayeleta paka kwenye kikapu. Anamfungulia mzee wa Kihindi anayekuja kutibu masikio ya mbwa. Kila mara anaanza na geti la ndani, analivuta, analivuta tena. Hao wote walibisha kwa mkono. Hakuna aliyepiga honi.

Katikati ya hayo anazungumzia mipango. Mkataba wake unakwisha mwezi wa kumi na mbili, na safari hii hataki kuongeza. Ana kiwanja kidogo Wundanyi, na shemeji yake amemwambia kuna mtu anatafuta mwenza wa kufuga kuku wa mayai. Huenda wakafanya. Huenda isiwe, miaka sita imemfundisha kutosema mambo kwa uhakika.

Lakini jambo moja ameshalianza, kwa simu. Nyumbani kuna mbwa, jike la kahawia lililofungwa kwa mnyororo nyuma ya jiko, na halijawahi kuwa na jina. Wiki iliyopita alimwomba Jennifer alifungue mchana.

"Akasema litamaliza kuku wa jirani. Nikamwambia lifungue saa moja tu, ukae nalo. Akaniuliza, nikae nalo nikifanya nini?" Kwa mara ya kwanza leo Reuben anatabasamu, kidogo. "Nikamwambia lisimulie habari. Akakata simu. Lakini juzi amenitumia picha, liko mlangoni, halina mnyororo. Na mtoto amelipa jina, ila wamekataa kuniambia mpaka nirudi. Nataka niende nikalisikie mwenyewe. Nataka niliite, lije..."

Honi inalia nje. Mara mbili, fupi fupi.

Reuben ameshasimama. Mguu wa kulia umeshatangulia hatua nzima kuelekea geti la nje na mkono umeanza kupanda. Nyuma yake geti la ndani liko wazi: binti mmoja wa kujitolea anapita na bakuli za maji mikono yote miwili, na mbwa watatu wanamfuata miguuni, hawana kamba.

Anasimama. Jasho linamtoka, na inaonekana wazi kwamba kusimama huko kunamgharimu kuliko kukimbia. Mkono ulioanza kupanda anaukamata kwa ule mwingine.

Honi inalia tena, ndefu sasa, ya mtu aliyekasirika. Juu ya ukuta linaonekana paa la gari kubwa jeupe.

"Atangoja," anasema Reuben. Hamwambii mtu.

Anarudi nyuma, anawasukuma mbwa uani kwa goti, mmoja mmoja. Anafunga geti la ndani. Analivuta kuona kama limeshika. Honi inaendelea kulia, na yeye analivuta tena. Ndipo anageuka na kwenda kufungua la nje, hatua za mtu anayetembea tu, mikono ikiwa chini.